Mgeni Asiye Kwenye Orodha

SEHEMU YA KWANZA

Zuhura alibonyeza kitufe. Feni iliyo juu ya prosesa ikashtuka, ikazunguka robo, ikasimama. Akabonyeza tena. Safari hii hata ile robo haikuja.

"Usinifanyie hivyo," aliiambia mashine. "Leo usinifanyie hivyo."

Ilikuwa Alhamisi, saa nne usiku, Magomeni Mapipa, kwenye chumba cha uani ambacho mama yake alikuwa akihifadhia magunia ya mkaa kabla Zuhura hajakipaka rangi na kukiita studio. Sakafuni kumejaa maboksi matupu, nailoni, vijiskrubu na kijitabu cha maelekezo cha lugha kibao, Kiswahili hakimo. Mezani kasha jeusi la kompyuta, ubavu wazi, limeshameza shilingi milioni moja na laki sita. Laki nane zilikuwa akiba yake. Laki nne ni malipo ya awali ya kazi. Zilizobaki zilitoka kwenye zamu ya mama yake ya mchezo, pesa zilizokuwa zinunue friji la juisi. Mama hakubishana. Alisema tu, "Chukua. Ila mwisho wa mwezi nataka kuliona friji langu."

Kazi yenyewe ilikuwa filamu ya harusi ya Neema, shoga yake tangu kidato cha kwanza, aliyefungishwa ndoa kanisani Jumamosi iliyopita na kijana mmoja mtanashati aitwaye Gerald. Wazazi wa Neema walikuwa wametoka Moshi, na Gerald alikwishawaahidi kwamba kabla hawajapanda basi Jumapili alfajiri watakaa sebuleni, ukoo mzima, waitazame. Zuhura alipiga picha, akachambua, akaunganisha, akaweka muziki. Kilichobaki ni kuitoa filamu nzima, na hapo ndipo laptop yake ya zamani ilipozimika moja kwa moja. Kazi yote ilikuwa salama kwenye diski ya nje. Mashine ya kuifungulia ndiyo haikuwepo.

Gerald ndiye aliyetoa wazo. "Shem, usinunue laptop nyingine. Unda mashine. Nenda Kariakoo kwa kijana wangu mmoja, mwambie umetoka kwangu, atakufanyia bei ya ndani." Na kweli bei ilikuwa ya ndani, kiasi cha kumfanya mtu mwenye akili ajiulize, lakini mwenye haraka hajiulizi. Alirudi na prosesa ya Ryzen 5 5600, mazabodi ya B450, ramu mbili za gigabaiti 8, kadi ya picha iliyotumika, pawasaplai ya wati 550 na diski ya SSD ndani ya nailoni yake.

Alitoka uani akagonga chumba cha mbele.

"Shikamoo, Mzee Kondo. Samahani kwa usiku huu."

"Marahaba, binti. Usiku kwangu bado haujaingia. Umeme?"

"Kompyuta."

Mzee Kondo alikuwa fundi redio tangu enzi za redio za National zilizokuwa zikiundwa hapa hapa Dar es Salaam. Baadaye akahamia kwenye televisheni, na siku hizi anatengeneza chochote atakacholetewa, pasi, amplifaya ya msikiti, chaja ya bajaji. Kompyuta hakuwahi kuifungua. Alikuja na mita yake, miwani miwili na kiti chake mwenyewe.

"Nieleze ilichofanya," alisema akikaa. "Usinieleze unachodhani."

"Feni imeshtuka, ikasimama. Nikibonyeza tena, hakuna kitu."

"Zima swichi ya nyuma. Chomoa ukutani. Subiri kidogo. Haya, rudisha, bonyeza."

Robo ile ikarudi. Mzee Kondo akatikisa kichwa kwa kuridhika, jambo lililomuudhi Zuhura.

"Hii haijafa. Iliyokufa haishtuki. Pawasaplai yako imetoa umeme, imeona unakwenda pasipotakiwa, imejifungia. Ikishajifungia haifunguki mpaka uikatie umeme wa ukutani, ndiyo maana ulipobonyeza mara ya pili hukupata kitu. Mahali fulani humu kuna shoti."

"Au pawasaplai yenyewe mbovu."

"Basi tuiulize yenyewe."

Hapo Zuhura ndiye aliyekuwa mwalimu, maana jambo hili alilijua. Alichomoa nyaya zote kwenye mazabodi, akanyoosha klipu ya karatasi, akaunganisha waya wa kijani wa ile plagi ya pini 24 na mmoja wa weusi. Wa kijani uko mmoja tu. Ndio unaoiambia pawasaplai iamke. Akawasha swichi. Feni ya pawasaplai ikavuma. Mzee Kondo akatia sindano za mita: waya wa njano, volti 12.1. Mwekundu, 5. Wa rangi ya chungwa, 3.3.

"Huyu hana kesi," alisema. "Mwache aende."

Wakaanza kuivua mashine. Kadi ya picha ikatoka. Feni ikashtuka na kusimama vilevile. Ramu zikatoka, vilevile. Nyaya ndogo za kitufe cha mbele zikatoka, Zuhura akagusisha vile vijipini viwili vya kuwashia kwa ncha ya bisibisi, vilevile. Na baada ya kila jaribio swichi ya nyuma inazimwa, inasubiriwa, inawashwa. Ni kazi ya kuchosha na haina ujanja wowote. Watu wengi wakifika hapa hukimbilia dukani kununua mazabodi nyingine, wakaifunga palepale, nayo ikafanya yaleyale.

"Kimebaki nini?" Mzee Kondo aliuliza.

"Mazabodi na prosesa yake."

"Na kilicho chini ya mazabodi."

Zuhura akafungua skrubu, akaiinua mazabodi kwa pembe. Chini yake, kwenye bati la kasha, vilisimama vinguzo vya shaba ambavyo mazabodi hukalia ili isiguse bati. Mazabodi yake ilikuwa ndogo, ina matundu manane. Vinguzo vilikuwa tisa. Kile cha tisa, kilichofungwa kiwandani kwa ajili ya mazabodi kubwa, hakikuwa na tundu la kukipokea; kilikuwa kimesimama katikati ya uwanja, na nyuma ya mazabodi, penye vidoto vya risasi, palikuwa na mkwaruzo mdogo unaong'aa.

"Mshenzi huyu hapa," alisema Zuhura.

Hakurudisha kitu ndani ya kasha. Aliilaza mazabodi juu ya boksi lake la karatasi, akachomeka plagi ya pini 24, akachomeka ile ya pini 8 ya prosesa, akarudisha ramu na kadi ya picha. Akagusisha bisibisi.

Feni ikazunguka. Ikazunguka nusu, ikazunguka nzima, ikaendelea kuzunguka, na upepo wake ukapeperusha nailoni mezani. Zuhura alipiga kelele hadi mama yake akaita kutoka ndani kuuliza kama kuna nyoka.

"Mbona kioo cheusi?" Mzee Kondo aliuliza.

Kwenye ukingo wa mazabodi, taa ndogo nyekundu ilikuwa imewaka. Pembeni yake pameandikwa herufi tatu: CPU.

Simu ya Zuhura ikatetemeka juu ya meza. Meseji ya Gerald: *Shem, wakwe wamebadili safari. Wanaondoka Jumamosi alfajiri. Filamu wanaitazama kesho jioni. Usiniangushe.*

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Kinguzo cha tisa kimegunduliwa na feni inazunguka, lakini kioo bado cheusi na taa ya prosesa imewaka nyekundu. Muda umepungua kwa siku nzima. SONGA NAYO…

"Hizi taa ziko nne," Zuhura alieleza, kijitabu mkononi. "Prosesa, ramu, kadi ya picha, halafu diski. Ikiamka inakagua kimoja baada ya kingine. Kilichogoma ndicho taa yake inabaki."

"Kwa hiyo imegoma mlango wa kwanza."

"Wa kwanza kabisa."

"Bora. Ungekuwa wa nne tungekuwa na mambo mengi ya kutilia shaka."

Alianza na umeme, maana ndio anaoujua. Waya wa prosesa ni ule wa pini 8 unaochomekwa juu kabisa, na kadi ya picha nayo ina wake wa pini 8. Kwa mbali vinafanana, ila wa prosesa hugawanyika nne kwa nne na wa kadi hugawanyika sita kwa mbili. Wapo wanaolazimisha mmoja uingie kwenye tundu la mwingine. Zuhura hakuwa amelazimisha. Mita ikaonyesha volti 12 pale zilipotakiwa kuwa.

"Mvue kofia," alisema Mzee Kondo.

Alikuwa anamaanisha feni na lile bati zito la kupoozea. Zuhura alifungua vishikizo, akavuta. Bati halikutoka. Akavuta kwa nguvu kidogo, likachomoka ghafla na mlio wa kukatika kitu, na moyo wake ukasimama, kwa sababu prosesa ilikuwa imeng'ang'ania chini ya bati, imenyofoka kwenye soketi ilhali kufuli la soketi bado limefungwa.

Hiyo ndiyo tabia ya soketi za AM4. Miguu iko kwenye prosesa yenyewe, 1,331, na ile pesti ya joto ikishaganda hushika kuliko kufuli. Dawa yake ni kulizungusha bati kushoto na kulia kwanza, taratibu, mpaka pesti iachie. Kijitabu hakikuyasema hayo.

Mzee Kondo alivaa miwani ya pili juu ya ya kwanza, akatoa mfukoni lenzi ya fundi saa. Aliitazama prosesa kwa muda mrefu sana.

"Kona ya kulia. Miwili imelala."

Zuhura alikaa sakafuni. Alifikiria friji.

"Nipe wembe," alisema mzee. "Mpya. Na uache kuhema juu yangu."

Aliupitisha wembe baina ya safu na safu, kuanzia mahali miguu iliponyooka, akiusogeza kuelekea kwenye ile miwili iliyolala. Ulipoifikia hakuisukuma; aliuegemeza tu, akauinamisha kwa kiasi ambacho Zuhura hakukiona kwa macho. Akautoa, akaupitisha safu ya pili upande mwingine. Mkono uliokuwa ukitetemeka akishika kikombe cha chai haukutetemeka. Mguu wa aina hii unaweza kunyooshwa mara moja, mbili ukiwa na bahati. Zaidi ya hapo unakatika, na ukikatika ndio basi. Alipomaliza aliirudisha prosesa juu ya soketi bila kuigandamiza. Ikazama yenyewe.

Wakafuta pesti ya zamani kwa pamba na spiriti, wakatia mpya, wakarudisha bati, wakagusisha bisibisi.

Feni ikazunguka. Taa nyekundu. CPU.

Wote wawili walinyamaza. Nje mtu alipita na redio ya simu, taarabu ikaja ikaondoka.

"Mwanangu," Mzee Kondo alisema mwishowe, "mimi umeme nimekupa. Miguu nimekunyooshea. Kama umeme unafika na miguu iko sawa, basi hawa wawili hawaelewani kwa maneno. Na hayo maneno ni ya kwako, si ya kwangu."

Zuhura akaligeuza boksi la mazabodi. Kwenye pembe ya chini, kwa maandishi madogo mno, palichapwa mwaka: 2018. Akachukua simu, akatafuta prosesa yake. Ryzen 5 5600 ilitoka Aprili 2022.

Akaanza kucheka, kile kicheko cha mtu aliyechoka.

"Mzee, mazabodi hii haimjui huyu prosesa. Ilipotengenezwa, huyu hajazaliwa."

"Si vinaingiliana?"

"Soketi ni ileile. Lakini mazabodi ina programu yake ndani, baiosi. Ndiyo inayowaka kabla ya kitu chochote. Ni kama mlinzi wa geti aliyepewa orodha ya wageni ya 2018. Prosesa huyu amefika na suti yake, jina halipo, anaachwa nje. Hata kioo hakiwashwi, maana hakuna aliyeruhusiwa kuingia akakiwashe."

"Basi mpe mlinzi orodha mpya."

Ndipo penye ukatili wa jambo hili. Ili kubadili baiosi kwa njia ya kawaida kompyuta lazima iwake, na ili iwake lazima baiosi iwe imebadilishwa. Wauzaji wanalijua hili vizuri. Mwenye nia njema hukubadilishia palepale dukani kabla hujalipa, kwa kutumia prosesa ya zamani. Kijana wa bei ya ndani hakusema neno.

Lakini baadhi ya mazabodi zina mlango wa nyuma, na yake ilikuwa nao: kitufe kidogo pale zinapochomekwa nyaya, ambacho kinaweza kuisoma baiosi mpya kutoka kwenye flashi na kuiandika ndani ya chipu bila kumtegemea prosesa. Zuhura alinunua bando, akashusha faili kwa simu, megabaiti zisizozidi ishirini. Akalifungua, akalibadili jina kuwa lile hasa linalotakiwa, kwa herufi kubwa, bila nukta ya ziada, akalihamishia kwenye flashi kwa waya wa OTG. Alilisoma jina mara tatu. Kifaa hiki kikiona jina jingine hakigombi wala hakielezi, hakifanyi tu.

Saa nane usiku na dakika zake alichomeka flashi kwenye tundu lenye alama, akabonyeza kitufe na kukishikilia.

Taa ya pembeni ikaanza kupepesa.

"Ni dakika tano hivi," alinong'ona. "Isiguswe. Isizimwe. Chipu inafutwa kwanza, halafu ndiyo inaandikwa. Ikikatika katikati, mazabodi inabaki haina cha zamani wala kipya."

Mzee Kondo aliinua miguu yake yote miwili, akaiweka juu ya kiti, asije akagusa ekstensheni.

Dakika ya kwanza. Ya pili. Taa ikipepesa. Ya tatu. Mama yake Zuhura alikuwa amesimama mlangoni na khanga mabegani, hakuna aliyejua tangu saa ngapi.

Dakika ya nne giza likaingia. Si taa ya mazabodi peke yake. Balbu, feni, friji la jirani, taa ya barabarani, Mapipa yote.

"Umeme," alisema mama, "umekatika."

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Umeme umekatika Mapipa nzima wakati baiosi ikiandikwa. ENDELEA…

Ulirudi Ijumaa saa tano asubuhi, mitaa ikashangilia. Zuhura hakushangilia. Alikuwa amelala palepale sakafuni, na usiku kucha aliota friji.

Aligusisha bisibisi. Feni haikuzunguka kabisa.

"Kitufe chako cha mlango wa nyuma," Mzee Kondo aliuliza, "kinatumia hiyo programu iliyofutika, au kina akili yake?"

Zuhura alimtazama. Hilo hakuwa amelifikiria. Akafungua kijitabu, akasoma, akarudia kusoma. Kina chipu yake. Hakimtegemei prosesa na hakiitegemei baiosi. Kinachohitaji ni umeme na flashi. Maana yake kilichokatika katikati kinaweza kuanzwa upya.

Akachomeka flashi. Mama alikataza pasi, jiko la umeme na hata chaja ya simu nyumba nzima, ingawa hakuna kati ya hivyo ambacho kingeweza kudhuru. Taa ikapepesa, dakika ya nne ikapita, ya tano ikapita, ikapepesa bado, kisha ikazimika yenyewe, kwa utulivu, namna vitu vinavyozimika vikishamaliza kazi.

Bisibisi. Feni. Taa ya CPU ikawaka, ikazimika.

Ikawaka ya pili. Ramu.

"Twende," alisema Mzee Kondo akikunja mikono ya shati.

Ramu hazikuwasumbua. Zuhura alikuwa ameziweka nafasi ya kwanza na ya tatu. Kwa ramu mbili kijitabu kinataka ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Akazihamisha, akazigandamiza mpaka zikatoa ule mlio wa kufunga pande zote. Taa ikazimika. Ikaja ya tatu, ikapita. Mashine ikalia kwa furaha kwenye kispika chake kidogo, mlio mmoja mfupi, na kioo kikabaki cheusi.

Zuhura alikagua kadi, akakagua waya wa kadi, akaing'oa na kuirudisha. Mzee Kondo alikuwa ameinama nyuma ya meza.

"Binti. Huu waya wa tivii umechomekwa kwenye mazabodi. Sasa kadi ya picha kazi yake nini?"

Ryzen 5 5600 haina picha ndani yake. Lile tundu la mazabodi, kwa prosesa hii, ni pambo. Zuhura akahamishia waya kwenye kadi bila kujibu, na kioo kikajaa mwanga: baiosi, maandishi meupe, jina la prosesa limeandikwa sawasawa, ramu gigabaiti 16, joto la nyuzi 41.

Mama alipiga kigelegele. Zuhura alimtumia Neema meseji ya neno moja, kwa herufi kubwa: IMEWAKA. Neema akajibu palepale, niko Usalama hapo, nakuja.

Ilibaki diski. Zuhura aliichukua ile SSD pale alipoiweka jana, aifunge na skrubu yake. Mzee Kondo akamshika mkono.

"Hii ulisema mpya?"

"Mpya, mzee. Nailoni nimeichana mwenyewe."

"Nailoni hata mimi nafunga, kwa pasi." Aliielekeza kwenye dirisha, lenzi jichoni. Kwenye kile kikato cha nusu mwezi ambapo skrubu hukaa, shaba ilikuwa na duara la mkwaruzo. "Hii imewahi kufungwa mahali. Na kufunguliwa."

Zuhura aliichomeka, akaifunga, akawasha, akaingia kwenye baiosi na kufungua orodha ya vitu vya kuwashia mashine. Diski mpya hutokea pale kwa jina la kiwanda tu, au haitokei kabisa, kwa kuwa haina kitu ndani. Yake ilikuwa na mstari wa ziada juu: Windows Boot Manager.

"Kuna Windows humu," alisema. "Kuna mtu humu."

"Futa, uweke yako. Muda huna."

Alikuwa na flashi ya Windows tayari, na dakika ishirini zingetosha. Kidole kilikuwa kwenye kibodi. Lakini Mzee Kondo mwenyewe akasita.

"Ngoja. Kama ni ya wizi je? Kesho mwenyewe akija na polisi, wewe ndiye uliyefuta. Ifungue tumjue mwenye mali, halafu tutajua la kufanya."

Akabonyeza.

Kidude cha duara kikazunguka. Windows iligundua kwamba mwili umebadilika. Ikaanza kuandaa vifaa, asilimia 11, 34, 82. Kioo kikawa cheusi, kikarudi na picha ya ufukwe, na ukurasa wa kuingilia ukafunguka. Ulitaka nywila. Hakuna aliyekuwa na haja nayo.

Chini kushoto palikuwa na majina mawili. *Baba Brayan. Mama Brayan.* Na katikati, ndani ya duara, picha ya mwenye akaunti ya kwanza: mwanamume amevaa suti ya bluu na ua kifuani, amemkumbatia mwanamke aliyevaa shela nyeupe, na mbele yao mtoto wa kiume wa miaka minne hivi ameshika mto wa pete.

Mwanamke Zuhura hakumjua.

Mwanamume alimpiga picha wiki nzima. Alimjua kwa ubavu, kwa nyuma, alijua upande gani wa uso anaupenda. Alikuwa na saa sita za sura hiyo kwenye diski yake ya nje.

Kijana wangu mmoja. Mwambie umetoka kwangu.

"Nani huyo?" Mzee Kondo aliuliza, akivua miwani moja. "Mbona umebadilika rangi?"

"Hodi wenyewe!" sauti iliita kutoka uani, na vidole vikagonga bati la mlango. "Shoga, nimekuletea pilau, najua hujala tangu jana!"

Mkono wa Zuhura ulikimbilia swichi ya nyuma ya pawasaplai, ukaikosa, ukapapasa, ukagonga ukingo wa meza.

"Karibu, mwanangu, pita," mama yake alikwishasema, akiufungua mlango kwa furaha yote. "Pita uone, imewaka!"

Neema aliingia na hotpoti mikononi, akitabasamu, macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye kioo.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO